Swali la lugha: Marafiki "walifika" au "yalifika"?

Msomaji wa Kakamega anaandika historia ya kanisa la wazazi wake, Kanisa la Marafiki. Anauliza: ni "Marafiki yalifika" au "walifika"? Na je, kuwaita "Wakweka" ni kuwatukana?

Andika "walifika". Ma- isikubabaishe: rafiki ni mtu, na upatanisho wake ni wa A-WA. Marafiki watatu walifika Kaimosi mwaka 1902, Marafiki wa kwanza, Marafiki wengi. Kimilikishi tu ndicho kinachokwenda kivyake: rafiki yangu, marafiki zangu, kama vile ndugu yangu, ndugu zangu. Hata Yohana 15:14, aya inayohusishwa sana na jina lao, husomeka: "Ninyi mmekuwa rafiki zangu, mkitenda ninayowaamuru." M iwe kubwa unapotaja waumini hawa.

"Wakweka" lilianza kama kejeli. Mwaka 1650, mjini Derby, Uingereza, George Fox, mwanzilishi wa Marafiki, alimwambia hakimu Bennet atetemeke mbele ya neno la Bwana. Hakimu akawabandika Fox na wafuasi wake jina la watetemekaji, kwa Kiingereza "Quakers", ndiyo asili ya "Wakweka". Baadaye walilikubali wenyewe, kwa hiyo si tusi. Litaje mara moja, kisha uendelee na "Marafiki".

Kinachonisumbua zaidi ni sentensi yako "Kanisa la Marafiki lilianzishwa Uingereza 1652." Mwaka huo Fox alipanda kilima cha Pendle, kisha akauhubiria umati pale Firbank Fell. Alifundisha kwamba Nuru ya Kristo imo ndani ya kila mtu, kwa hiyo hapana haja ya kasisi wa kusimama katikati. Watu waliketi kimya, pengine muda mrefu, mpaka mmoja asukumwe na Roho kusema. Jengo lenye mnara alikataa katakata kuliita kanisa. Kwake kanisa ni watu. Kwa enzi hiyo andika "mikutano ya Marafiki". "Kanisa la Marafiki" litakufaa ukifika Kenya, ambako ibada ina wachungaji, nyimbo na mahubiri.

Mwisho, Mkutano wa Mwaka wa Afrika Mashariki, ulioanzishwa 1946, ni chombo cha Marafiki cha kufanya maamuzi, si kundi la watu: "uliamua", si "waliamua". Tena uwe mwangalifu na "ulipiga kura". Kwa desturi ya Marafiki, watu husikilizana hadi wapate nia moja, ndipo karani anaandika uamuzi na kuwasomea papo hapo waukubali.