Jibu: Miti ndani ya maktaba, vitabu vitapona?

Ndugu, umeuliza kama maktaba mnayotaka kujenga hapa Nairobi inaweza kuwa na miti ndani bila vitabu kuharibika. Inawezekana kabisa, ila miti ikae kwenye ua wa kati ulio wazi juu, si kando ya rafu. Udongo unaomwagiliwa huleta unyevu, na unyevu huzalisha kuvu kwenye karatasi. Madirisha makubwa yaelekee kaskazini na kusini. Tuko karibu na ikweta, kwa hiyo jua kali la asubuhi na jioni huingilia mashariki na magharibi, likafifisha majalada. Tazameni maktaba ya Beitou kule Taipei, Taiwan, iliyofunguliwa 2006: mbao tele, paa lililopandwa majani mabichi, maji ya mvua yanavunwa. Kwa masika yetu, hilo la mvua msiliache hata kidogo!