Kabla ya Kusaka Draiva, Uliza Kama Mac Imeiona Kadi

Wiki tatu zilinipotea nikisaka draiva, yaani programu ya kuiendesha, ya kadi ya mtandao niliyoipachika kwenye Macintosh IIci, kompyuta ya zamani ya Apple. Nilijaribu toleo moja baada ya jingine, nikasakinisha mfumo upya mara mbili, nikafika hadi kuisingizia kebo. Siku niliyokata tamaa nikaichomoa kadi niirudishe kwenye boksi, mwanga wa taa ukaangukia pini zake, nikaona moja ya safu ya katikati imelala ubavu. Niliiinua taratibu kwa ncha ya sindano, nikairudisha kadi mahali pake, na mashine ikaingia mtandaoni kwa draiva ileile niliyoanza nayo siku ya kwanza.

Tangu siku hiyo, kila ninapopachika kadi kwenye Mac ya zamani huanza na swali moja tu: je, mashine imeiona? Kama kadi inafanya kazi au la, hilo nitaliuliza baadaye. Watu wengi huyachanganya maswali haya mawili, ndiyo maana wanahangaika.

Macintosh II ilipotoka mwaka 1987 ikiwa na sloti (nafasi za kupachika kadi) sita za aina iitwayo NuBus, ilikuja na utaratibu ambao wenye kompyuta nyingine za wakati huo wangeuonea wivu. Hukuwa na haja ya kupanga swichi ili kadi zisigombane. Kila kadi hubeba ROM yake ndogo (chipu ya kumbukumbu ya kudumu) ya kujitambulisha. Ukiwasha, Mac hupita sloti moja baada ya nyingine, inatafuta alama maalumu ndani ya ROM hiyo (kwa wanaopenda namba, ni $5A932BC7), inahakiki kwamba yaliyomo hayajaharibika, kisha inasoma jina la kadi na kazi yake. Yote haya hufanyika kabla mfumo haujaanza kusomwa kutoka kwenye diski. Kama kadi haikujitambulisha hapo, hakuna draiva itakayoisaidia, kwa sababu kwa upande wa Mac ile sloti ni tupu.

Kulijibu swali hilo, mimi hutumia TattleTech, programu ndogo ya enzi zilezile inayoorodhesha kilichomo katika kila sloti. Inatosha kwenye diski ya floppy, na iwe jambo la kwanza kuliweka kwenye mashine yoyote ya aina hii. Jina la kadi likitokea, shida yako iko upande wa programu, mpangilio au kebo. Lisipotokea, funga mafaili yote ya draiva, chukua bisibisi.

Tuanze na kadi isiyoonekana, maana hapo ndipo kazi ilipo.

Hakikisha kwanza kwamba kadi ni ya mashine hiyo. Linaonekana jambo la kitoto, lakini Apple ilitumia viunganishi vinavyofanana kwa sloti zisizohusiana kabisa. NuBus ina pini 96. Sloti ya Macintosh SE, ile inayoungana moja kwa moja na prosesa, nayo ina pini 96. Ya Macintosh LC vilevile ni 96. Zote tatu zina lugha tofauti za umeme. Halafu kuna mtego wa pini 120: sloti ya SE/30 na sloti ya kache (kumbukumbu ya haraka) ya IIci zina umbo moja, ila haziko sawa. Kuingia kwa kadi si ushahidi kwamba inaruhusiwa kuingia. Soma namba iliyochapwa kwenye kadi, itafute ilitengenezwa kwa mashine gani, ndipo usukume. IIsi ndiyo huchanganya watu zaidi: ina nafasi moja tu, na nafasi hiyo huwa ya NuBus au ya kadi za mtindo wa SE/30 kutegemea adapta uliyoweka. Bila adapta, kadi ya NuBus haina pa kukaa.

Ukishajiridhisha, angalia mguso. Pini za miaka zaidi ya thelathini hushika utando usioonekana kwa macho. Mimi hutumia spiriti ya isopropili ya asilimia 99 na mswaki laini, napiga safu zote tatu, naacha zikauke vizuri, kisha naingiza na kutoa kadi mara tatu au nne huku mashine imezimwa na waya wa umeme umetolewa ukutani. Hiyo ingiza-toa peke yake imenifufulia kadi nyingi kuliko ufundi wowote ninaojivunia. Kuhusu raba ya penseli, wako wanaoiapia. Mimi siipendi: inakwangua dhahabu, na inaacha unga. Isitoshe, kwenye kiunganishi cha pini haina pa kusugua.

Sukuma kadi ikiwa imenyooka, vidole viwili juu ya kiunganishi chenyewe, si kwenye kona ya kadi. Pini yangu ililala kwa sababu nilisukuma kona.

Kama ni SE au SE/30, kuna la kuzingatia kabla ya yote hayo. Mashine hizi zina skrini ya bomba, kama televisheni za zamani, ndani ya boksi lilelile, na bomba hilo hushika volti maelfu hata baada ya kuzimwa. Utahitaji bisibisi ndefu ya T15 (yenye ncha ya nyota) kufikia skrubu zilizo chini ya mpini, na ukishafungua, usitie mkono karibu na kifuniko cha mpira kilicho ubavuni mwa bomba. Kama hujui namna ya kuliondolea umeme salama, tafuta anayejua akuonyeshe mara ya kwanza.

Baada ya mguso, umeme. Apple iliwaambia watengenezaji wa kadi za NuBus wasizidi ampea 2 kwenye laini ya volti 5 kwa kila sloti. Saplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine, ikiwa mpya iliyamudu hayo. Saplai ambayo kapasita zake (vihifadhi vidogo vya umeme) zimezeeka huwasha mashine tupu bila shida, ikipewa kadi kubwa ya picha, ile inayoendesha skrini, inalegea. Pima volti 5 kwenye kiunganishi cha diski, mashine ikiwa imewaka na kadi iko ndani. Ukiona chini ya 4.75, usihangaike na kadi tena, itengeneze saplai. Kipimo cha mashine isiyo na mzigo hakikuambii kitu.

Na betri. Ile betri ndogo ya litiamu ya volti 3.6 haishiki saa peke yake. Kila sloti ina nafasi yake ndogo kwenye kumbukumbu inayolindwa na betri, na kadi za picha hasa hutunza mipangilio yao humo. Betri ikifa, kadi huamka kila siku kama mgeni. Kwenye Macintosh II ya kwanza ni kubaya zaidi: bila betri nzuri, mashine haiwaki kabisa, nawe unaweza kuapa kwamba kadi mpya ndiyo imeiua. Ukiweka betri mpya, bonyeza Command, Option, P na R kwa pamoja unapowasha, uache mlio wa kuwaka urudie mara kadhaa. Na ikiwa mashine haitatumika kwa muda mrefu, toa betri. Nimeshaona mazabodi, bodi kuu ya mashine, iliyotobolewa na tindikali ya betri, na kwa tobo lile hakuna ushauri.

Sasa tuseme jina limetokea kwenye TattleTech lakini kadi bado haifanyi kazi. Hapa mambo huwa ya amani zaidi, ila yana vituko vyake.

Kwa kadi za picha, tatizo kubwa nililokutana nalo lilikuwa skrini na wala si kadi. Kiunganishi cha picha cha Mac cha enzi hizo kina pini tatu ambazo skrini huzitumia kujitambulisha. Ukiunga skrini ya kisasa kwa adapta isiyo na hizo pini, kadi inadhani hakuna kitu kilichounganishwa na inanyamaza. Tafuta adapta yenye swichi ndogondogo za kuchagua aina ya skrini. Hata hivyo, ile hali ya kawaida ya 640 kwa 480 ya Apple huenda kwa hertzi 66.7, na baadhi ya skrini bapa za leo huikataa. Jaribu skrini nyingine kabla ya kuihukumu kadi. Kituko kingine: kadi inawaka vizuri, ila inaonyesha rangi ya kijivu tupu, maana menyu zote ziko kwenye skrini nyingine. Fungua paneli ya Monitors, uburute mstari wa menyu hadi kwenye skrini unayotaka. Kisha shikilia kitufe cha Option, utaona uso mdogo wa Mac unaotabasamu. Uburute hadi kwenye skrini unayotaka mashine iwakie.

Kisha kuna suala la anwani za biti 24 na biti 32, yaani urefu wa namba ambazo mashine hutumia kutafuta mahali kwenye kumbukumbu, ambalo limewapotezea wengi muda. Katika hali ya biti 24, kila sloti hupewa megabaiti 1 tu ya anwani. Zipo kadi zinazohitaji zaidi ya hapo. Macintosh II, IIx, IIcx na SE/30 zilitoka kiwandani na ROM isiyoweza kwenda biti 32 kwa ukamilifu, hivyo lazima uweke MODE32, programu ndogo ya kuziba kasoro hiyo, kisha uwashe biti 32 kwenye paneli ya Memory. Na kinyume chake kipo pia: kadi ya Apple IIe iliyotengenezwa kwa ajili ya LC, inayoifanya Mac iendeshe programu za kompyuta ya Apple IIe, inataka biti 24, na mfumo wa mwisho unaokubali hali hiyo ni 7.5.5. Ukiweka 7.6 umeifungia mlango. Watu hupenda kuweka mfumo mpya kabisa ambao mashine inaweza kuubeba. Mimi huuliza kwanza kadi inaupenda upi.

Draiva sasa. Kwa kadi za mtandao, jua unatumia programu ipi ya mtandao ya Apple, MacTCP au Open Transport, usichanganye mabaki ya zote mbili kwenye folda ya mfumo. Washa mara moja huku umeshikilia Shift ili viongezi, vipande vya programu vinavyoongezwa kwenye mfumo, visipakiwe. Tatizo likiondoka, kuna kiongezi kinachogombana na draiva yako. Sina zaidi ya kusema hapa. Draiva ndiyo sehemu inayoandikwa sana kila mahali, na kwa uzoefu wangu ndiyo inayokosea mara chache.

Lakini nisije nikakuuzia swali langu kama dawa ya kila ugonjwa. SE/30 yangu ilinifunza adabu. Kadi ya mtandao ilionekana, jina kamili, sloti sahihi. Draiva ilipakia bila kulalamika. Hakuna kilichopita. Nilibadilisha kadi nikaweka nyingine ya mtengenezaji tofauti, mambo yakawa yaleyale, hapo nikajua kwamba shida ni mazabodi. Kapasita za alumini za SE/30, zile za mikrofaradi 47, huvuja kimyakimya, na maji yake hula njia za shaba. Mashine ilikuwa inawaka, inatoa sauti, haina mistari ya pundamilia kwenye skrini, kwa hiyo nilikuwa nimeshajipa moyo kwamba imenusurika. Nilipopima kwa mita, pini baada ya pini kutoka kwenye sloti hadi kwenye chipu, nikakuta waya mmoja hauna mawasiliano: ule ambao kadi huutumia kumwita prosesa ikiwa ina ujumbe. Prosesa aliweza kuisoma kadi alipotaka, kadi haikuweza kumwita. Ndiyo maana jina lilionekana. Nililehemu waya mwembamba juu ya pengo, nikabadilisha kapasita zote, nikaiosha mazabodi kwa spiriti. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sasa mashine yoyote ya umri huo nikiipata, kapasita hubadilishwa kabla sijaanza kuota kadi.

Ukiweka kadi mbili kwenye SE/30 kwa njia ya adapta ya kupandisha, angalia kwamba hazijipi namba moja ya sloti. Mashine hiyo inazo tatu za kugawa, 9, A na B kwa hesabu ya heksadesimali. Kadi mbili zikidai namba moja, zote mbili hupotea au mashine inakataa kuwaka. Baadhi zina kijiti cha kubadilishia, nyingine hazina.

Kwa wenye Power Macintosh za PCI, aina ya sloti iliyokuja baada ya NuBus, kuanzia 9500 ya mwaka 1995, swali ni lilelile ila jibu lina sura nyingine. Kadi ya picha ya PC inaingia kwenye sloti vizuri, na inabaki kipofu, kwa sababu ROM yake imeandikwa kwa lugha isiyoeleweka na Mac. Itabidi ipate toleo la Mac au ROM yake iandikwe upya, na hapo ukubwa wa chipu ya ROM kwenye kadi ndio huamua kama inawezekana. Uangalie kabla ya kununua. 9500 haina picha ya ndani, hivyo ukiweka kadi kipofu peke yake utaketi mbele ya giza. Kadi za USB ni nafuu zaidi: nyingi za aina ya OHCI (mtindo mmoja wa chipu za USB) hukubali bila kuguswa ukiwa na Mac OS 8.6 kwenda juu na programu ya Apple ya kadi za USB.

Na ukifanikiwa, kabla hujafunga kifuniko, andika kwenye karatasi ndogo kadi iko sloti ipi, mfumo gani, draiva toleo gani, biti ngapi, uibandike ndani. Yangu ya IIci bado iko pale, na chini yake nimechora pini iliyolala.