Breketi imebanduka, sasa?

Shikamoo daktari. Nimetafuna muwa, breketi ya jino la pembeni, kile kidude kinachoshika waya wa kunyoosha meno, ikang'oka. Mume wangu ataka tuirudishe kwa Super Glue, eti hata wewe watumia gundi. (Mama, Bombo)

Marahaba, mama. Tafadhali msiipake. Gundi ya dukani huunguza fizi, na breketi ikikaa upande kidogo tu, waya utalivuta jino kusiko. Ifunge kwenye karatasi safi, uje nayo. Waya ukichoma shavu, uzibe kwa nta ya meno.

Mara ya kwanza breketi yangu ilibandikwa haraka. Mara hii daktari alisugua na kupuliza mpaka nikachoka. Alikuwa akifanya nini? (Mwanafunzi, Kampala)

Alikuwa akikutendea haki. Breketi iking'oka, mara nyingi gundi ya zamani hubaki jinoni, nayo ina rangi ya jino lenyewe. Ukibandika juu yake, haidumu. Kwa hiyo tunakausha jino ili mabaki yaonekane, kisha tunayakwangua taratibu kwa drili yenye kichwa kigumu cha kabaidi. Hapa ndipo mkono unapotakiwa utulie, maana enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, ikichongwa haioti tena: seli zilizoijenga zilikufa jino lilipochomoza.

Baadaye tunasugua kwa unga wa jiwe la pumisi usio na mafuta wala floraidi, halafu tunapaka asidi ya fosforiki ya asilimia 37 kwa sekunde 15 hadi 30. Tukisuuza na kukausha, jino hugeuka jeupe lisilong'aa, kama ukuta uliopakwa chokaa. Mimi siendelei mpaka nione weupe huo. Ni vitundu vidogo mno. Gundi huingia humo na kugandia chini ya taa ya bluu. Njia hii ilianzia kwa Mmarekani Michael Buonocore mwaka 1955, naye alitumia asidi ya asilimia 85.

Mate yakigusa sehemu hiyo, huacha utando na gundi haishiki. Inabidi kusuuza na kupaka asidi upya. Ndiyo sababu tunakujaza pamba mdomoni na kukukataza kuongea. Vumilia.

Sisi wa Kasese meno yana madoa ya kahawia tangu utoto. Asidi hiyo haitayala meno yenyewe? (Baba wa msichana wa miaka 14)

Haitayala, ndugu yangu. Huondoa tabaka jembamba sana, sehemu ndogo ya milimita, na pale pasipofunikwa na gundi mate hurudisha madini polepole. Mimi nahofia zaidi drili iliyo mikononi mwa mwenye haraka.

Madoa hayo huenda yametokana na floraidi nyingi katika maji. Kasese na Kisoro tatizo hilo linajulikana. Ajabu ni kwamba enameli ya namna hiyo huipinga asidi, hivyo huenda tukaiacha asidi muda mrefu zaidi, au tukalikwaruza jino kidogo kwanza. Mwambie daktari wa binti yako amekulia wapi na alikunywa maji gani. Usingoje uulizwe.

Nimeng'arisha meno kwa dawa juzi. Nije kubandikiwa kesho? (Arua)

La. Subiri wiki mbili. Oksijeni ya dawa hiyo bado imo ndani ya enameli, na huizuia gundi kuganda sawasawa.