Zimwi alilenga au lililenga?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na ndugu yangu twaunda visanamu vya mchezo wa vita, Man-skewer Boltboyz vya Games Workshop, Uingereza. Nimeandika kibandiko: "Mazimwi watatu wamelenga kwa pinde za mtambo." Yeye asema ni "matatu yamelenga," tena hiyo "upinde wa mtambo" nimeizua. Yupi yuko sawa?
Msomaji, Mji wa Kale, Mombasa

JIBU: Marahaba mwanangu. Nduguyo ana methali nyuma yake: Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Haikusema "akujuaye."

Wewe nawe una sarufi ya shule: chenye uhai hufuata a-/wa-, ndiyo maana kipofu "anakuja," si "kinakuja." Lakini maneno ya ukubwa yana mambo yake. Jitu likatokea, joka likajiviringa: hiyo li- humpunguzia kiumbe utu ikamwongezea mwili. Nikisikia "zimwi alikuja," namwona jirani asiyechana nywele. Hujakosea, ila sentensi ya nduguyo yatisha zaidi, na mazimwi kazi yao ni kutisha.

Mkishika koleo na gundi, uhai umekwisha: visanamu vitatu vimekauka, kimoja kimevunjika mkono. Hapo ni vi- tu. Na "majini" msiandike. Jini ni habari nyingine, haliuzwi kwenye sanduku. (Hapa mjini wako watakaokataa kuligusa.)

"Upinde wa mtambo" naupenda. Wazee husema mtambo wa bunduki, yaani ile sehemu inayofyatuka. Upinde huu nao umelazwa juu ya gogo kama la bunduki. Upote, yaani kamba yake, huvutwa nyuma ukanaswa, mshale mfupi ukawekwa, kisha kidole hufyatua. Upinde wa kawaida mkono wachoka ukingoja. Huu hungoja wenyewe, kama mtego. Kwa hiyo mshale wake "hufyatuliwa," nami nisingesema "hurushwa." Silaha yenyewe si ngeni kwetu: mabaharia wa Vasco da Gama, waliofika Mombasa Aprili 1498, walikuwa nazo.

Wako watakaokwambia "upinde" ni neno la juzi, la kale ni "uta." Kweli, lakini kwenye kibandiko cha vidole viwili wachie "upinde," maana uta ni mafuta ya ufuta pia, msomaji asidhani mwakamua ufuta.