Maswali ya Wasomaji: Mchezo wa kadi baada ya kiharusi

SWALI: Baba yetu ana miaka 61. Alipatwa na kiharusi mwezi wa tatu. Sasa anatembea kwa fimbo, lakini maneno yamemkwama. Tukizungumza anaelewa, akitaka kitu, anaishia kusema "hiyo, hiyo". Kwa wiki sita tumecheza naye ludo kila jioni na anatushinda, ila usemi haujasonga. Je, michezo inasaidia kweli?
Msomaji, Manyatta, Kisumu

JIBU: Poleni kwa kuuguza. Mmefanya vyema kumrudisha mezani pamoja na wengine. Afasia, yaani lugha kuharibika baada ya ubongo kuumia, haiondoi akili, ndiyo maana anawashinda. Shida ni kwamba ludo huchezeka kimya kimya tangu mwanzo hadi mwisho: dadu inarushwa, kete inasogezwa, basi. Mtafutieni mchezo ambao bila neno hakuna kinachosogea.

Mwaka 2001 mtafiti wa ubongo na lugha, Friedemann Pulvermüller, na wenzake walichapisha matokeo ya mchezo wa kadi wa namna hiyo. Wagonjwa wawili watatu walicheza na mtaalamu kwa takriban saa tatu kila siku, siku kumi, na usemi wa watu waliokaa na afasia muda mrefu ukaimarika. Saa hizo ni nyingi kwa familia, lakini kadi zenyewe mnaweza kuzitengeneza leo.

Kateni kadibodi vipande 32 vya ukubwa wa kiganja: picha 16, kila moja mara mbili. Chagueni vitu anavyovihitaji kila siku, kama sufuria, ndoo, samaki, kikombe, redio na fimbo yake. Kila kadi iwe na kitu kimoja, bila maandishi. Wiki ya kwanza tumieni jozi nane tu. Wachezaji wawe watatu au wanne, na mbele ya kila mmoja simamisheni kipande cha boksi kilichokunjwa katikati, kimo cha sentimita 30 hivi, ili asionwe kadi wala kidole kinachoelekeza. Kazi yote iko kwenye kizuizi hicho, maana "hiyo, hiyo" haivuki.

Mzee anachagua kadi, tuseme kikombe, anamtazama mmoja wenu na kuomba: "Mama, una kikombe?" Aliye nayo anampa, na jozi inawekwa chini. Asiye nayo anajibu "sina", zamu inaendelea. Asiyesikia vizuri anasema "sijakupata", naye anajaribu tena. Mwanzoni neno "kikombe" peke yake latosha. Likizoeleka, aongeze jina la anayemwomba, kisha sentensi nzima. Baadaye leteni kadi za kuchanganya: kikombe chekundu na cha buluu, kisu kimoja na visu viwili. Akisema "kisu moja", mpeni. Ujumbe umefika, na mtaani wengi husema hivyo hivyo. Akiomba "rech", yaani samaki kwa Dholuo, apewe samaki wake. Na ikiwa lugha yenu ya nyumbani ni Dholuo, heri mcheze kwa Dholuo tangu mwanzo.

Penye makosa mengi ni pale neno linapochelewa. Watu watatu humtajia kwa mpigo, naye anaacha kulitafuta. Hesabuni kimoyomoyo hadi kumi kwanza. Likikataa, msimpe silabi ya kwanza peke yake: "ki" haimfai kitu, kwa sababu kiti, kisu, kijiko na kikombe vyote vinaanza hivyo. Mpeni sentensi amalizie: "Chai tunainywea kwenye kiko..." Ikishindikana, litajeni neno lote, alirudie, kisha aombe upya.

Anzeni na dakika 30, asubuhi akiwa hajachoka, redio imezimwa. Akianza kuita kila kadi "ndoo", ubongo umechoka; pumzikeni dakika tano. Kama upande wa kulia ndio dhaifu, huenda pia haoni vizuri upande huo, kwa hiyo kadi zikae kushoto kwake.

Ludo msiitupe. Kabla ya kusogeza kete, mchezaji aokote kadi iliyofunikwa na kuieleza bila kuitaja, wengine wabahatishe. Angalizo moja: akihesabu hatua kwa ufasaha, msidhani lugha imerudi. Namba zilizokaririwa, kama sala na nyimbo, mara nyingi hutoka zenyewe. Utaona dadu imeonyesha tatu, naye anateleza mpaka sita.

SWALI: Mama mkwe wangu huongea bila kusita, lakini hatuelewi asemacho, na yeye hajui kwamba hatuelewi. Mchezo wa kadi utamfaa?
Msomaji, Lanet, Nakuru

JIBU: Huo wa kuomba kadi usubiri. Hapo kwanza tunashughulikia kuelewa, na mtaalamu wa tiba ya usemi amwone mapema. Masikio na miwani vikaguliwe pia. Nyumbani chezeni wawili tu. Wekeni kadi tatu wazi mezani, za vitu visivyofanana hata kidogo: ndoo, kuku, shati. Mwambie, "Mama, nipe ndoo." Subiri. Ukirudia, rudia kwa maneno yale yale, kwani ukibadilisha unampa sentensi mpya ya kufumbua. Akikosea, usibishane naye. Inua ndoo yenyewe, itaje, kisha endeleeni. Akipata nane katika kumi, ongeza kadi ya nne. Vitu vya kundi moja, kama kisu na kijiko, vije mwisho kabisa.