Re: Kuombea chuo chetu uenyeji wa DebConf

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, barua ya mkuu wa chuo unayo, umekwama kwenye maelezo ya ukumbi na malazi.

Anza na kalenda ya chuo. DebConf yenyewe (mkutano wa kila mwaka wa wanaotengeneza Debian, mfumo huria wa kompyuta) ni wiki moja, na kabla yake kuna DebCamp, siku za kufanya kazi pamoja, hivyo mabweni yawe hayana wanafunzi muda wote huo. Cape Town walipoandaa chuoni 2016, ilikuwa Julai.

Kisha ingia ukumbini na laptopu. Hesabu soketi, pima kasi ya intaneti ya kupakia (mada hurushwa mubashara), uliza jenereta huwashwa na nani usiku. Sisi kwenye mkutano wetu mdogo tulisumbuliwa na mwenye funguo kuliko uongozi! Bei ya vyumba ipate kwa maandishi, ya mdomo hubadilika.