Gari la zamani linazima likipata moto
Ndugu, unasema gari lako la kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) linawaka vizuri asubuhi, ila baada ya dakika 20 hivi linaanza kukatakata, linazima, na likipoa linawaka tena. Usikimbilie kufungua kabureta. Wengi huanzia hapo, wakaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Likizima tu, palepale, chomoa plagi moja, irudishe kwenye waya wake na uilaze juu ya chuma cha injini, mbali na petroli, mwenzako apige stata. Usiishike kwa mkono mtupu. Cheche ya buluu inayolia "ta! ta!" ni nzima. Ikiwa ya njano na dhaifu, au haipo kabisa, shuku kondensa (kikopo kidogo kinachozuia pointi kuungua) na koili (inayokuza umeme wa cheche): vyote hufa vikipata joto na kufufuka vikipoa. Anza na kondensa. Ukikuta pointi za distribyuta (swichi ndogo ndani ya kigawa umeme wa plagi) zimeungua, mara nyingi kondensa ndiyo mchawi.

Cheche ikiwa safi, fungua mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa ikivutwa "fyuu" na gari likawaka, tundu la hewa la mfuniko huo limeziba. (Mimi nilibadilisha koili mbili bure kabla ya kugundua hilo.) La sivyo, tazama kama bomba la petroli limepita karibu na ekzosi, petroli huchemka humo na pampu ikabaki inavuta mvuke.